Machozi na Kamasi

Ruldu alipozaliwa walimburuza jalalani. Mama yake alikuwa na mtoto mmoja tu aliye hai, Dhiyanu, na baada ya Dhiyanu alikuwa amefukia watatu mfululizo. Huku kwetu milimani kila mtu anajua kuwa kifo ni mgeni mlafi, kikiona kizuri kinanyoosha mkono. Basi wakamlaza mtoto kwenye ungo mkuukuu, wakamvuta juu ya maganda ya vitunguu na mavi ya mbuzi, wakamwita Ruldu, yaani Aliyeburuzwa, ili kifo kikipita mlangoni kiulize, "Takataka hii ya nani?" kisha kiende zake. Kikaenda zake kweli. Ila hakikusema hakitarudi kwa mlango mwingine.

Mtaa wetu zamani ulikuwa wa maseremala. Mmoja wa babu zetu aligundua kwamba kumchora farasi kunaumiza mgongo kidogo kuliko kuchonga kitanda, na tangu hapo sisi ni wachoraji wa Raja, mfalme wetu. Katika karakana ya akina Ruldu kazi iligawanywa hivi: Dhiyanu, kaka mtu, alichora mistari. Kirpi, mke wa Ruldu, alisugua karatasi kwa jiwe la akiki mpaka ikang'aa kama kipara cha hakimu. Ruldu alitia rangi, na baada ya rangi alitia machozi.

Usidharau. Chozi ni tone la rangi nyeupe nzito, dogo kuliko yai la chawa, linawekwa kwa ncha ya brashi ya manyoya ya mkia wa kindi. Ukibonyeza mno, malkia anaonekana ana ndui. Ukibonyeza kidogo, anaonekana anapiga miayo. Ruldu alikuwa anabana pumzi, anagusa, anaachia, na kipande cha karatasi ambacho dakika moja iliyopita kilikuwa bibi mnene aliyekaa kwenye zulia kinageuka kuwa mama aliyepoteza mtoto. Hakujua kufanya kitu kingine chochote. Hata kamba ya ng'ombe alikuwa anafungiwa na mkewe.

Na machozi yalihitajika kwa mapipa, maana Raja wetu alikuwa na hadithi moja tu moyoni: ile kuu, ya mwana wa mfalme aliyefukuzwa kwao kwa hila za mama wa kambo, akaishi porini miaka kumi na nne. Karakanani hatumtaji jina. Kinywa kinachotaja jina lile kinatakiwa kiwe kimeoshwa, na kinywa cha mchoraji kinashinda kikilamba brashi. Tunamwita Yule wa Buluu, kwa rangi ya ngozi yake. Vazi lake la kifalme ni la njano, na njano yetu inatoka kwenye mkojo wa ng'ombe, lakini hayo makuhani hawajatuuliza na sisi hatujawaambia.

Kila jioni Raja alisomewa hadithi ile, na kila jioni wakifika pale mwana anapomwinamia baba yake kuaga, Raja alilia. Alilia kwa moyo wake wote. Halafu asubuhi aliamka, akanywa maziwa, akakaa barazani na kufukuza watu. Mpishi aliyeunguza wali: miaka kumi na nne. Mnajimu aliyetabiri mvua na jua likawaka: kumi na nne. Kinyozi aliyemchanja sikio: kumi na nne, ndiyo maana kwa miaka ile mji mzima ulionekana kama kundi la mbuzi wa majira ya baridi. Namba nyingine ya adhabu hakuijua. Wote walivushwa mto, na ng'ambo kukaota kijiji tulichokiita Kumi-na-Nne, na kwa kuwa mpishi alikuwa huko, jioni moshi wao ulinukia kuliko wetu. Kuvuka bila kufukuzwa ilikuwa marufuku. Ukivuka kwa hiari yako, ndugu zako wote unaowaacha wanang'olewa mapaa.

Sasa, Ruldu na Kirpi walikuwa na mtoto mmoja, Jindu. Mkono wa baba, macho ya mama, na ulimi ambao hatujui aliutoa wapi. Alipofika miaka ishirini na miwili, Raja alimwita amchore akiwa anasikiliza kitabu. Jindu akakaa kwenye kona jioni tatu, akatazama, akachora. Picha ilikuwa nzuri mno. Raja kwenye mto wake, mkono shavuni, machozi mawili yanashuka kwenye ndevu.

Raja aliisogeza karibu.

"Hiki nini hapa chini ya pua?"

"Kamasi, Maharaja."

"Nini?"

"Maharaja alikuwa analia. Anayelia, pua nayo..."

"Kumi na nne!"

Walimvusha siku ile ile, hata chapati hakumaliza. Kirpi alikimbia mpaka ukingoni na blanketi mkononi, akakuta mvushaji ameshafika katikati ya maji.

Usiku na mchana wa Ruldu baada ya hapo ulikuwa hesabu moja tu. Mwana atarudi baada ya miaka kumi na nne. Jicho lake la kushoto lilikuwa limeshazimika, na la kulia lilianza kufunga ukungu, mtoto wa jicho, kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Hakumwambia mtu. Mchoraji akisema haoni anapelekwa kuchunga bata wa Raja. Lakini alijua: miaka kumi na nne ikiisha Jindu atarudi, na yeye atakuwa amekaa pale mlangoni hamwoni. Alitaka kumwona kabla. Hilo tu. Alikuwa amechora watoto wa watu wakiagwa miaka thelathini, na wa kwake hakupata kumuaga.

Matumaini yalitoka kwa Dhiyanu. Kuna desturi ya tangu babu yake Raja: siku ya sikukuu ya kuzaliwa Yule wa Buluu, ukurasa mmoja wa kitabu kipya unaonyeshwa mbele ya watu, na Raja akitokwa na chozi hadharani, aliyeupaka rangi anaomba atakacho na lazima apewe. Raja alikuwa ameagiza kitabu cha karatasi mia moja. Mwaka wa kwanza ulionyeshwa ukurasa wa kuzaliwa. Wa pili, harusi. Hakuna mtu anayelilia harusi ya mwingine.

"Mwaka wa tatu ni kuaga," Dhiyanu alisema. "Ukurasa huo ni wako, mdogo wangu. Mimi nitachora mistari, wewe weka machozi. Yule mzee akiona kuaga, atalia mpaka aite taulo."

Kirpi alikuwepo, shela limemfunika mpaka kidevuni, maana mwanamke wa kwetu hamwonyeshi uso kaka wa mumewe wala hasemi naye. Kwa hiyo alisema na ukuta.

"Ewe ukuta, mwambie shemeji kwamba Raja akilia usiku, asubuhi ndipo anapong'ata."

"Ukuta," Dhiyanu akajibu, "mwambie mke wa mdogo wangu kama ana njia nyingine aitaje."

Kirpi akarudi kwenye akiki yake.

Dhiyanu alichora ule ukurasa kama mtu anayelipa nadhiri. Katika picha zetu mtu mmoja hutokea mara nyingi kwenye karatasi moja, kila mahali alipopita. Kushoto aliuweka mji, madirisha yamejaa wanawake. Hapo Yule wa Buluu anambusu mama yake miguu. Hapa anamwinamia baba ambaye hawezi kuinua kichwa. Pale anavua vazi la njano na kuvaa magome ya miti. Langoni anagawa ng'ombe wake kwa maskini. Mara nne anaaga. Mara ya tano atakuwa juu ya gari la farasi, anatoka, anaelekea kulia, kwenye msitu, na mji mzima nyuma yake unalia.

Kabla ya gari kuchorwa, mama yao Dhiyanu na Ruldu alifariki, yule aliyemburuza mtoto kwenye ungo. Mkubwa ndiye anayepeleka mifupa inayobaki baada ya kuchoma maiti mpaka Haridwar, kwenye mto mtakatifu. Dhiyanu akajifunga kifuko shingoni.

"Limebaki gari tu," alisema mlangoni. "Litoe kwenye ngozi ya baba. Halafu rangi. Nitarudi sikukuu imeshapita, usiningoje."

Ngozi ya baba ilikuwa ngozi ya swala, nyembamba kama ganda la kitunguu, imetobolewa kwa sindano kufuata mistari ya gari na farasi wanne. Unailaza juu ya karatasi, unaipigapiga kwa kifuko cha vumbi la makaa, unainua, na chini yake gari limebaki kwa nukta. Ukiilaza kwa upande mmoja, gari linatoka mjini. Ukiigeuza, gari lile lile linarudi. Wachoraji ni wavivu wenye akili: kwa nini uchore farasi mara mbili, na wa kwendea na wa kurudia ni wale wale?

Pande mbili za ngozi zilijulikana kwa kidole, mmoja laini, mwingine wenye vinyweleo. Lakini baba yao aliitumia miaka arobaini, na wao ishirini baada yake. Pande zote zilikuwa zimeshakuwa laini.

Ruldu akapapasa, akailaza, akapiga makaa.

Akatia rangi wiki saba. Alifanya kazi pua ikiwa kwenye karatasi, akiigeuzageuza kama wafanyavyo wote ili mkono upate nafasi. Aliona ukwato wa farasi. Aliona kishungi cha hatamu, njiti ya gurudumu, kope ya mwanamke wa dirisha la tatu. Aliona kila kitu isipokuwa ukurasa. Na machozi aliyaweka kwa pumzi, kama siku zote. Hayo hayakuhitaji jicho. Aliweka mia mbili na zaidi. Hata mlinzi wa lango alipewa. Hata farasi mmoja.

Kirpi naye alisugua kila rangi ilipokauka, lakini karatasi husuguliwa ikiwa imelala kifudifudi juu ya jiwe jeupe, jiwe la akiki linapita mgongoni kwake. Ruldu aliilaza na kuiondoa mwenyewe, na wiki saba Kirpi aliujua mgongo wa picha ile kama wa mumewe. Uso wake hakuuona mpaka mchana wa mwisho, kesho yake sikukuu, alipoibandua na kuiinua kwenye mwanga wa mlango.

Akaisogeza, akaitazama upande hadi upande. Ruldu alikuwa anaosha brashi.

"Baba Jindu."

"Naam."

"Umemrudisha."

"Nimemrudisha nani?"

"Huyu. Gari linakuja mjini. Watu wanalia na yeye anarudi." Sauti yake ilikuwa na kitu ambacho Ruldu hakukisikia tangu harusi. "Moyo umeutoa wapi, mwanaume wewe? Umemwambia Raja amrudishe mtoto, bila kufungua mdomo!"

Ruldu akaja taratibu. Akaweka pua kwenye gurudumu, akafuata mpini, akafuata mgongo wa farasi, sikio, pua ya farasi. Baada ya pua ya farasi palikuwa na lango la mji. Akarudi nyuma akaanza tena kwenye gurudumu, kama mtu anayetafuta ufunguo mahali ambapo ameshatafuta.

Kirpi akamtazama anavyotafuta. Ile furaha ikamwishia usoni.

"Vidole vingapi hivi?"

"Mama Jindu, acha utoto."

"Vingapi?"

"Viwili."

"Nimekunja ngumi," alisema Kirpi.

Wakakaa chini wote wawili, picha katikati. Kukwangua haikuwezekana, rangi ikishasuguliwa inashikana na karatasi kama ngozi na nyama. Kuanza upya ni wiki saba.

"Tangu lini?"

"La kushoto, tangu kabla hajaondoka. La kulia, linaondoka polepole."

"Na ukaninyamazia."

"Ungelia."

"Ningekushikia ile ngozi, bwege wee!" Kisha akamfuta masizi ya makaa kwenye sikio kwa ncha ya shela. "Basi kesho useme umefanya kusudi. Sema umeota. Wakubwa wanapenda ndoto."

Siku ya sikukuu baraza lilijaa. Picha iliwekwa juu ya mto wa hariri, Raja akaliegemeza tumbo lake mbele, tayari kulia. Hata mtumishi wa kitambaa alikuwa amesogea. Sisi wa mtaani tulikuwa nyuma pamoja na wanawake, tumebana pumzi kama Ruldu anavyobana.

Raja akatazama. Akakunja uso. Akatazama tena.

"Mbona anarudi?"

Kuhani mkuu akanyoosha shingo, akasema ni kufuru. Waziri akamtazama Raja kwanza ajue uso wake uko wapi, kisha akasema huenda si kufuru, huenda ni unabii. Mnajimu mpya, ambaye alikuwa mwangalifu kuliko yule wa kwanza, akasema ni unabii ambao pia unaweza kuwa kufuru, kutegemea mvua.

"Anarudi," Raja akasema, "na hawa wanalia! Hebu muone huyu bibi wa dirishani anavyomlilia mtu anayekuja chakula cha mchana!"

Akaanza kucheka. Tumbo likatikisika, mto ukatikisika. Waziri akacheka, kisha makuhani, kisha wahasibu, kicheko kikashuka kwa vyeo mpaka kikafika kwa wapiga ngoma. Raja alicheka mpaka akashika mbavu, lakini macho yake yalikuwa makavu kabisa.

"Umenifurahisha, Ruldu. Mpeni shali. Na macho yako yamechoka, naona. Kawachunge bata."

Ruldu alipokea shali. Kirpi, kule nyuma, alikuwa anamwombea kimoyomoyo: sema ndoto, sema ndoto.

"Maharaja," Ruldu akasema, "nimekosea. Sioni. Ngozi niliilaza kinyume. Lakini mwanangu hakukosea."

"Mwanao nani?"

Hapo ndipo tulipojua. Miaka mitatu, na Raja alikuwa ameshasahau. Waziri akamwinamia sikioni, ila alikuwa na sauti nene, kila mtu akasikia: "Yule wa kamasi, Maharaja."

Kicheko kikafa kwa mpangilio ule ule, kuanzia juu.

"Nimechora machozi miaka thelathini," Ruldu akaendelea, taratibu, kama anayeeleza jinsi ya kuchanganya rangi. "Yote ni ya uongo. Hakuna mtu anayelia hivi, shavu safi, tone moja moja. Mtu akilia kweli analia na pua. Jindu aliliona hilo, mimi sikuwahi kuliona hata nilipokuwa na macho. Maharaja ukilia, kamasi zinakutoka. Mji mzima tunazijua. Mtoto alichora kilichokuwepo."

Uso wa Raja ukawa na rangi ambayo karakanani kwetu hatuna.

"Kumi na nne!"

Ruldu akapiga magoti, akagusa sakafu kwa paji la uso, kama mtu aliyepewa ng'ombe mwenye ndama. Raja hakuelewa. Sisi tulielewa, na Kirpi alielewa kabla yetu, maana alishapasua katikati ya wanawake, shela limefunika uso wote, sauti inatoka chini yake kama ya mtu ndani ya gunia:

"Na mimi nimeziona kamasi, Maharaja! Mara nyingi! Za kijani!"

Raja akainua mkono. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni, tuliliona. Lakini waziri akamwinamia tena.

"Maharaja, huyu ndiye msuguaji. Kitabu kina karatasi sabini hazijaguswa. Mwingine ajuaye akiki hakuna."

Mkono ukashuka.

"Huyu abaki," Raja akasema, "mpaka vitabu vyangu viishe."

Waziri akaandika hivyo hivyo, *vitabu*, na siku ile hakuna aliyelitazama neno hilo mara mbili.

Kwenye picha, mwana wa mfalme akiondoka, mji wote unamfuata mpaka mtoni, wazee wanaanguka, wanawake wanashika magurudumu. Ruldu alipoondoka tulikuwa juu ya mapaa yetu, tunajifanya tunaanika pilipili. Majira ya pilipili yalikuwa bado. Tulianika hata vitambaa vitupu.

Ukingoni walikuwa Ruldu na Kirpi tu, na mvushaji aliyekuwa anapuliza ngozi ya nyati kwa mdomo, mguu mmoja wa ngozi kinywani, ikivimba polepole mpaka ikawa nyati mzima aliyelala chali, miguu juu. Huku kwetu ndicho chombo. Mvushaji hulala juu yake kwa tumbo, abiria hukaa mgongoni kwa mvushaji, na Mungu anajua mengine.

"Hukuniuliza," Kirpi alisema.

"Ningekuuliza ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo. Ningegomba siku mbili. Halafu tungetukana wote wawili kwa pamoja, kwa mpango, kabla yule bwana waziri hajakumbuka karatasi." Akamfunga mtumba mgongoni: dengu, samli kwenye kibuyu, na lile blanketi la Jindu. "Miaka thelathini na moja ya ndoa, na jambo moja la ujanja umewahi kulifanya, umelifanya peke yako."

"Nilitaka kumwona."

"Hunioni hata mimi, na nimesimama hapa."

Ruldu akanyoosha mkono, ukapita pembeni ya uso wake, ukarudi, ukampata. Mvushaji akageuka akatazama mlima, mtu mwenye adabu.

"Nitamgusa usoni," Ruldu akasema. "Nitajua kama amekonda."

"Na mimi nitajuaje?"

Hilo hakuwa amelifikiria. Kirpi alikuwa amelifikiria.

"Asubuhi mchome majani mabichi. Moshi wake ni mweupe, hauchanganyiki na wa jikoni. Nikiuona, nitajua mko wazima wote wawili. Kila siku, Baba Jindu. Siku ya mvua pia."

"Mvua majani hayawaki."

"Utayawasha."

Maji yalimzungusha yule nyati mara mbili, tukadhani basi. Kisha wakatokea ng'ambo, chini kidogo, na mtu mmoja alikuwa anashuka mawe kwa kukimbia. Kutoka mapaani tuliona jambo dogo tu: mzee akiinua mikono yote miwili, na yule mwingine akaishika na kuiweka usoni kwake, na mikono ikakaa hapo muda mrefu. Baadaye mvushaji alituambia yaliyosemwa. Ruldu alipapasa mashavu, ndevu ambazo hakuwahi kuziona, akafika puani, akasema, "Futa kamasi, mwanangu." Jindu akajibu, "Ni zako, baba."

Kirpi alikuwa na macho makali kuliko sisi sote.

"Amekonda," alisema, na akapanda kurudi.

Alizisugua zile karatasi sabini kwa miezi kumi na tisa. Kazi ya miaka saba. Dhiyanu aliporudi kutoka Haridwar alikuta nyumba haina ndugu na mke wa ndugu yake anazungumza na ukuta kwa maneno mawili tu: "Chora upesi." Akachora upesi, mistari ya ajabu, miti inayoinama kwa haraka, na rangi tukatia sisi wa mtaani. Vidole vya Kirpi vilipasuka, akavifunga matambara, akaendelea. Kila asubuhi kabla ya kushika akiki alitoka mlangoni, akatazama ng'ambo. Moshi ulikuwepo. Siku za mvua ulichelewa, ukawa mwembamba kama uzi, lakini ulikuwepo, na hatujui mtu asiyeona aliuwashaje.

Siku ya kukabidhi kitabu Dhiyanu alikuwa amejiandaa. Ukurasa wa mwisho ulikuwa wake, aliupaka rangi mwenyewe, na kama Raja angetoa chozi moja mbele ya watu angeomba waachiwe wote watatu, Ruldu, Jindu na Kirpi. Lakini Raja hakuwa mjinga kiasi hicho. Tangu siku ya kamasi alikuwa amewekewa pazia. Kitabu kilipitishwa chini ya pazia, tukangoja. Tukasikia karatasi zinafunuliwa. Tukasikia kwikwi. Tukamsikia anapenga, kwa nguvu, mara tatu. Ila desturi inasema chozi lionekane, na hakuna aliyeona kitu.

Ukurasa wa Ruldu hawakuutoa. Kuhani mkuu aliamua kwamba ni siri kubwa ya dini, akaandika maelezo marefu pembeni yake. Mpaka leo umo humo, watu wanamlilia mtu anayeingia langoni.

Pazia likafunguliwa. Macho ya Raja yalikuwa mekundu.

"Kizuri mno," alisema. "Nichoreeni kingine. Hadithi ile ile, tangu mwanzo. Karatasi ziwe kubwa zaidi."

Waziri hakuhitaji kusoma alichoandika. Kirpi alisimama pale nyuma, shela likiwa limefunika uso wote. Akageuka akaenda nyumbani kulaza karatasi ya kwanza juu ya jiwe.

Ilikuwa mwaka wa tano tangu Ruldu avuke, theluji imeanza kuyeyuka. Asubuhi moja hapakuwa na moshi mweupe. Mvua haikuwepo pia. Kirpi alikaa mlangoni mpaka jua likapanda, tukampitia na ndoo zetu. Adhuhuri moshi ulipanda, lakini si kutoka kijijini. Ulitoka chini, kwenye mawe ya mto, mweusi, mnene, wa kuni kavu nyingi, kama wanapochomewa wafu.

Alishuka mpaka kwenye mawe ya kufulia, akaingia majini, baridi ikamfika magotini. Siku ya tatu alikuwa bado anashuka asubuhi na kupanda jioni. Siku hiyo tulimwona Jindu ng'ambo, mtu mkubwa sasa, mabega yameinama, akikung'uta ungo juu ya maji. Mto wetu unapinda pale. Kinachotupwa upande wao kinaletwa upande wetu. Majivu yakaja, kama povu la kijivu, na maua mawili ya manjano, yakapita katikati ya miguu ya Kirpi, yakazunguka kidogo kwenye mawe ya kufulia, yakaenda.

Alilia hapo, na shela lilikuwa limemwanguka, kwa hiyo tuliona. Pua na vyote. Hakujifuta.

Kesho yake asubuhi moshi wa majani mabichi ulipanda kutoka Kumi-na-Nne, mweupe, mmoja. Kirpi aliutazama mpaka ukaisha. Kisha akaingia ndani, ambako karatasi ilikuwa inamngoja imelala kifudifudi.